Dada, Wosia Ule Niliutunga Mie

Dada,

Shikamoo.

Najua hakuna wa kuniitikia marahaba, lakini mdomo umezoea, na mkono umeufuata mdomo. Nimekaa kwenye benchi lako hapa mbele ya nyumba, lile ambalo nilikuahidi kulitengeneza mguu tangu mwaka juzi. Mguu bado unacheza. Nimeuwekea kipande cha tofali, na kwa fundi wa kiwango changu hiyo inatosha.

Utashangaa kuona mie naandika. Watu huwa nawaambia niliacha shule darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wamefika mwisho wa wanayoyajua, wakabaki wananiuliza mie. Kwako siwezi kusema hivyo, maana wewe ndiye uliyekuja kunitoa kwenye shamba la tangawizi kule kwetu Upare nilikokuwa nimejificha, ukanipeleka shule umenishika sikio, na kesho yake nikajificha mahali pengine. Kwa hiyo mwandiko huu uupokee ulivyo. Kuna mistari inayopanda mlima na kuna inayoshuka. Yote inakuja kwako.

Nina jambo la kukuambia na nimekaa nalo muda mrefu. Lakini acha nianze na habari za nyumbani.

Mpapai wako wa nyuma umezaa mpaka umeinama. Kuku wako wawili wapo, yule mwenye kishungi anaendelea kutaga chini ya kitanda changu na kuniangalia kama mie ndiye mgeni. Kanga zako mwanao Anneth amezigawa kwa wenzako kama ulivyotaka. Kitenge cha sare ulikwenda nacho, na kilemba cheupe, Mama Faraja alikufunga mwenyewe kwa mikono yake. Kile kitenge cha pili mwanao amebaki nacho. Na jirani yetu Bi Zuhura maandazi yake yamepungua ukubwa. Nilipomuuliza akaniambia, "Maandazi yako vilevile, Mjomba. Mdomo wako ndio umekuwa mkubwa." Kwa hiyo unaona, mtaa haujabadilika.

Kilichobadilika ni Alhamisi.

Wewe unazijua Alhamisi kuliko mie, lakini niache nizisimulie, maana nikifumba macho ndizo ninazoziona. Saa mbili asubuhi akina mama wa kikundi cha kanisani wanaanza kuingia uani, mmoja mmoja, kitenge cha zambarau, kilemba cheupe, kila mtu na chupa yake ya chai mkononi. Wewe umeshawasha moto kwenye mafiga. Sufuria kubwa la kikundi limeshapanda, lile ambalo mtoto wa miaka saba anaweza kukaa ndani akaoga. Unga wa lishe uko tayari, mahindi, ulezi, mtama na karanga, umeuchanganya mwenyewe. Mnaimba, mnakoroga, mnawaombea wagonjwa kwa majina yao, halafu kila mama anajaza chupa yake na kushika njia kwenda kwa mgonjwa wake. Anamnywesha uji, anamfulia, anamfagilia, anamsomea neno kama mwenyewe anataka kusomewa. Hamkuulizaga mtu anasali wapi. Mume wa Bi Zuhura mlimnywesha uji mpaka siku anafariki, na huyo mzee maisha yake yote alifika kanisani mara moja tu, siku upepo ulipoezua paa akaja kutushikia ngazi.

Na mie nilikuwa wapi? Hapa hapa kwenye benchi. Tangu nilipoacha kazi ya ulinzi kule Msasani na wewe ukanipa chumba cha uani, kazi yangu siku ya Alhamisi ilikuwa kusimulia. Nilisimulia yule bosi aliyetaka kunipeleka Ulaya nikamlindie nyumba yake ya huko, nikakataa kwa sababu ya baridi. Nilisimulia chatu niliyemkuta getini, nikamfunga kwa mkanda wa suruali yangu huku suruali nimeishikilia kwa mkono wa pili. Mama Faraja alikuwa anacheka mpaka anaegemea ukuta. Na wewe bila kugeuka, macho kwenye sufuria, unasema neno lako lile lile:

"Punguza mita, mdogo wangu."

Maana chatu alikuwa anakua. Kwaresima alikuwa na urefu wa mlango. Kufika Krismasi alikuwa ameizunguka nyumba na mkia umebaki.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka ile Jumapili baada ya ibada. Miguu yako ilikuwa imeshaanza kuvimba. Tulikaa wawili, wewe mkekani na ungo, mie kwenye benchi. Ulikuwa unapeta ulezi. Ukasema bila kuniangalia, kama mtu anayeongea na ungo: "Nikishindwa, sufuria lisikae hapa. Walipeleke ng'ambo kwa Mama Faraja. Wagonjwa siku hizi wako kule, sufuria lifuate wagonjwa." Nikakujibu kwamba wewe hutashindwa, wewe utatuzika sote. Ukasema, "Nimesema sufuria, sijasema kifo." Ukaendelea kupeta.

Hayo ndiyo uliyoyasema. Nayaandika hapa ili yawe yameandikwa mahali.

Na ulikuwa umeona sawa. Upande wetu huu wagonjwa wamebaki wawili tu. Ng'ambo ya bonde, kule kwenye viwanja vipya, ndiko waliko wengi, na Mzee Kilua yuko huko huko, yule dereva wa zamani aliyepooza upande mmoja na ulimi ukabaki mzima. Mama Faraja anakaa nyumba ya nne kutoka kwake. Hata mtu ambaye hajafika darasa la tano angeona.

Halafu ukazidiwa, tukakupeleka hospitali. Anneth aliomba ruhusa kiwandani kwake Mikocheni akakaa na wewe. Alikuosha, alikulisha, alikugeuza. Siku zako za mwisho ulikuwa unatuangalia tu. Hukusema neno na mtu yeyote.

Siku tuliyokuzika, tukarudi hapa uani, watu wakala. Akina mama wakatoa salamu zao. Ua ulipendeza, Dada, mistari mitatu ya vitenge vya zambarau kuanzia ukutani mpaka mpapai. Mama Faraja, ambaye alikuwa makamu wako, akasimama mbele ya familia. Aliongea kwa upole sana. Akasema kazi ya mwenzao haitakatika, na kwamba tanga likimalizika wanaomba familia iwaruhusu walichukue sufuria la kikundi walipeleke kwake, kwa kuwa ndiye mwenyekiti sasa. Watu wote wakaitikia kwa kichwa. Lilikuwa jambo la dakika moja.

Mie nikaangalia ua. Nikaona Alhamisi inayokuja na hapa hamna mtu. Hamna moto, hamna chupa za chai zimepangwa ukutani, hamna wa kuuliza "ehee, chatu akafanyaje?" Kuku wawili na mie.

Nikasimama. Unanijua nikisimama.

Nikasema samahani akina mama, samahani mchungaji, marehemu aliacha wosia. Nikasema siku ile ya mwisho hospitalini ulinishika mkono, ukaniambia mie peke yangu, kwamba sufuria lisitoke kwenye ua huu mpaka Yesu arudi. Hilo la Yesu kurudi nililiongeza hapo hapo nilipoona wananisikiliza. Na bado sikukaa. Nikasema pia uliniachia kazi ya kukoroga, kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa nakusaidia kila Alhamisi kabla wao hawajafika, na kwamba siri ya uji wako naijua mie tu.

Wewe unajua akina mama wako walivyo na neno la marehemu. Mwenzao akishafariki, alichosema hakijadiliwi. Ndivyo ulivyowafundisha mwenyewe, wakati ule marehemu Mama Joeli alipotaka viatu vyake apewe yule binti ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimgombeza kila siku, na nyie mkampelekea viatu bila swali. Kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Mama Faraja aliinamisha kichwa akasema "Amina," wote wakasema "Amina." Na katibu wenu Mwalimu Neema, yule binti anayefundisha shule ya msingi, mwenye mwandiko kama wa mashine, akatoa kitabu cha mihtasari kwenye mkoba akaandika.

Mmoja tu aliyeniangalia kwa jicho jingine alikuwa Anneth. Alinifuata nyuma ya nyumba. Akaniuliza, "Mjomba, mama aliongea? Mie nilikuwa pale siku zote, hakuniambia neno."

Nikamwambia yeye alikuwa ametoka kununua maji.

Dada, mie nimesema mambo mengi katika maisha haya. Nimewahi kuwaambia watu wa Mikocheni kwamba nimesomea upelelezi. Lakini lile la maji nikilikumbuka mpaka leo naona haya kuliko yote.

Basi Alhamisi ikafika. Wakaja wote, wakaimba, wakakaa kwenye mikeka wakanitazama. Nimeangalia uji ukipikwa miaka sita, nikajiambia hili litanishindaje. Maji yakachemka, nikachukua unga wote nikaumwaga kwa mkupuo. Dada, mabonge yaliyotoka yalikuwa kama mayai ya bata. Nikakoroga kwa nguvu zangu zote, mabonge yakazunguka yananitazama. Mama Faraja akaja akachungulia, akasema taratibu, "Mungu anaona," akarudi kukaa. Uji haukupita kwenye mdomo wa chupa, ikabidi wausukume na kijiko. Nikasikia kwamba Mzee Kilua alipoonjeshwa aliuliza, kwa ulimi wake ule, "Leo mmeniletea ugali, mbona mboga mmesahau?"

Bi Zuhura alikuwa ameyaona yote kutoka uani kwake. Walipoondoka akaniita pale kwenye uzio wa michongoma. "Weye Mjomba, chatu umemfunga, uji unakushinda? Unga unakorogwa kwanza pembeni kwa maji ya baridi, mpaka ulainike, ndo unaumimina kwenye moto huku unakoroga. Na usiache mkono. Mkono ukiuacha na uji unakuacha." Akanionyesha kwa bakuli lake la maandazi. Alhamisi ya pili mabonge yalikuwa kama karanga. Ya tano hayakuwepo kabisa. Sasa hivi sisemi uji wangu unaushinda wako. Nasema tu kwamba Mzee Kilua aliomba kikombe cha pili, jambo ambalo kwako sikuwahi kulisikia.

Sawa. Aliomba nusu kikombe.

Ningeweza kufurahi, Dada, na kwa kiasi nilifurahi. Nilikuwa naamka mapema naosha sufuria, napeta ulezi, nachanja kuni. Benchi nikaliachia wageni. Lakini kabla ya kumimina unga Mwalimu Neema husoma muhtasari wa kikao kilichopita, si unakumbuka, ulitaka iwe hivyo. Na kila Alhamisi, mwanzoni kabisa, anasoma: "Wosia wa marehemu Mama Anneth: sufuria lisitoke kwenye ua huu mpaka Bwana Yesu atakaporudi." Ameusafisha na Kiswahili. Na wote, vichwa chini, "Amina." Mie nimesimama na mwiko wako mkononi, nasikia maneno yangu yakitoka kinywani mwako mbele ya Mungu, tena wiki kwa wiki. Nilijaribu kukohoa ili yasisikike. Wakaninunulia dawa ya kifua.

Halafu masika yakaingia. Bonde unalijua. Ule ubao wa kuvukia kijito ulianza kuoza wewe ukiwa bado hai, na utelezi wa pale ng'ombe anaanguka. Akina mama wanatoka ng'ambo asubuhi wanavuka kuja huku, wanajaza chupa, wanavuka tena kurudi kule walikotoka kwa wagonjwa. Uji unafika umeshapoa. Mama Faraja na magoti yake yale alikuwa anavuka ameshika mkono wa Mwalimu Neema, na hakulalamika hata siku moja.

Alhamisi moja aliteleza kwenye ubao. Chupa ikapasukia kwenye jiwe, mkono ukategukia chini yake. Uji wote ukaingia kwenye tope. Siku hiyo Mzee Kilua alikaa mpaka mchana anaangalia mlango, na hakuna aliyekwenda, kwa sababu wote walikuwa wanamhangaikia Mama Faraja.

Kesho yake nikaenda kumpa pole. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mkono umefungwa, anachambua mchicha kwa mkono mmoja. Akanipa chai. Nikamwambia pole kwa njia mbaya. Akasema, "Pole ya nini, Mjomba? Wosia ni wosia. Tungelihamisha, mwenzetu huko aliko angetuonaje?"

Nilikunywa chai yake mpaka mwisho nikaaga. Sikusema kitu. Mie, mwenye maneno.

Jumapili Anneth alikuja kama kawaida. Alikuwa anaosha vyombo pale kwenye karai. Nikamwambia yote, kuanzia ungo wa ulezi mpaka maji ambayo hakwenda kununua. Hakugeuka. Aliosha kikombe kimoja muda mrefu sana. Halafu akauliza, "Kwa hiyo mama hakuongea na mtu."

Nikasema hakuongea na mtu.

Akasema, "Nilikuwa najiuliza nilimkosea nini mpaka akasubiri nitoke ndio aongee. Nimejiuliza tangu siku ile, Mjomba. Kwenye gari, kazini. Nilikuwa nahesabu makosa yangu."

Alipomaliza vyombo akajifuta mikono, akasema, "Waambie na akina mama. Usinisubiri mie." Akaondoka bila kuniaga, akafika barabarani, akarudi mpaka mlangoni akaniamkia, "Shikamoo, Mjomba," kama mtu ndio anafika. Nikamwitikia marahaba. Huyo mtoto umemlea, Dada.

Alhamisi nikaosha sufuria mpaka likang'aa. Wakaja, wakaimba. Mama Faraja alikuja na mkono wake kwenye kitambaa. Mwalimu Neema akafungua kitabu akaanza, "Wosia wa marehemu…" nikamwambia, "Subiri, mwalimu."

Nikawaambia. Sikurefusha, mara ya kwanza katika maisha yangu. Nilisema huo wosia niliutunga mie, pale pale nilipokuwa nimesimama, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu. Nikasema marehemu siku ya mwisho hakuongea na mtu. Nikasema na kuhusu siri ya uji sikujua kitu, aliyenifundisha ni Bi Zuhura.

Nilisikia mpaka maji yanavyoanza kuchemka. Nilitegemea watanicheka au watanifukuza kwenye ua wa dada yangu. Aliyeongea kwanza ni Mama Faraja. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Sasa yeye mwenyewe alisemaje?"

Nikawaeleza ule mkeka, ule ungo. Nikawaambia ulisema sufuria lifuate wagonjwa. Na ulivyosema, "Nimesema sufuria, sijasema kifo." Hapo mmoja akacheka huku analia, halafu wote. Walilia taratibu, bila kelele, kama watu waliopata barua. Kwao ulikuwa umeongea tena, neno jipya ambalo hawajawahi kulisikia, na nilikuwa nimewaficha tangu siku ya mazishi.

Mama Faraja akasema, "Katibu, kata hilo. Andika hili." Mwalimu Neema akapiga mstari kwa rula. Unamjua, hata kukata anakata kwa rula.

Wakapika uji wa mwisho hapa. Ulipoisha wakaosha sufuria, wanawake wawili wakalishika masikio, wengine wakabeba mafiga, wakaondoka wakiimba. Niliwasikia mpaka bondeni. Hakuna aliyenikaripia na hakuna aliyeniambia karibu. Mie pia sikuuliza.

Mwiko waliusahau nyuma ya mlango. Niliuona wakati bado wapo kwenye njia. Nikanyamaza. Ndio, na hilo nalo nakuambia.

Alhamisi iliyofuata nilikaa kwenye benchi hili kama nilivyoiona siku ile ya mazishi. Kuku wawili na mie. Saa mbili ikapita. Kuku mwenye kishungi akaja akasimama pale yalipokuwa mafiga, pamebaki duara jeusi, akapekua jivu akaondoka. Nikafikiria: wanakoroga na nini? Sufuria lile ukikoroga na upawa wa nyumbani mkono wote unaingia. Mkono ukiuacha na uji unakuacha. Na Mama Faraja mwenye mkono mzuri ndiye aliyeteguka, amebaki Mwalimu Neema, na mikono yake ni ya chaki.

Nikachukua mwiko nikauweka begani. Bi Zuhura akaniona. "Unakwenda vitani?"

"Nakwenda kukoroga."

"Wamekuita?"

"Hawajaniita."

Akaniangalia kidogo. Akaingia ndani akanitolea maandazi manne kwenye gazeti. "Mpe mgonjwa wa mkono. Na usile njiani, nimeyahesabu."

Nikashuka bondeni. Ubao niliuona, nikasimama nikautazama, na jana nimekwenda kuubadilisha, nimeweka mbao mbili na misumari minane. Hilo muulize yeyote. Nikapanda ng'ambo, nikafika kwa Mama Faraja nimeloa mpaka magotini. Moto ulikuwa unawaka. Mwalimu Neema alikuwa anakoroga na mpini wa jembe jipya, wameuosha, kilemba kimeshuka mpaka jichoni. Wote wakageuka.

Nilikuwa na maneno nimeyapanga kuanzia kijitoni. Nikauteremsha mwiko begani kwanza.

Mama Faraja akasema, "Umechelewa. Zamu yako inaanza saa mbili."

Nikasema sikujua kama bado nina zamu. Mwalimu Neema akafungua kitabu kwa mkono wenye unga akanionyesha. Orodha ya mwezi mzima. Mkorogaji: Mjomba. Mkorogaji: Mjomba. Akasema, "Tulifuta wosia. Zamu hatukufuta."

Nikapokea kazi. Mabonge yalikuwa yameshaanza, nikayawahi. Wakati nakoroga mmoja akasema ehee Mjomba, na chatu je. Nikaona kwa kuwa nimeanza ukweli, acha niumalize. Nikawaambia hakuwa chatu. Alikuwa kanyoka ka kijani, urefu kama mkono wangu, na aliyekimbia ni mie, suruali nilikuwa nimefunga vizuri tu. Wakaangaliana.

"Hiyo haina utamu," Mama Faraja akasema. "Mrudishe yule wa zamani."

Nikamrudisha. Akazunguka nyumba ya Mama Faraja, mkia ukafika kwa Mzee Kilua. Na baadaye nikampelekea Mzee Kilua uji mwenyewe, wa moto, unatoa mvuke. Nilimshikia kikombe. Alimaliza, akanitazama na lile jicho lake zima, akasema, "Dada yako alikuwa hapigi kelele akinilisha." Nikamwambia hata mie sijasema kitu. Akasema, "Unapumua kama lori."

Ndivyo tulivyo sasa, Dada. Ua wako hapa kwa kweli uko kimya, sitakudanganya. Alhamisi sufuria linachemka ng'ambo, na mie nalifuata kama wengine. Jioni narudi, mwiko nauacha huko.

Nilikosa mbele yako na mbele ya mwanao, na nimeomba msamaha kwa walio hai. Kwako naomba kwa barua, kwa kuwa siku ile ya mazishi niliongea sana na sikusema chochote.

Nakuahidi hivi. Chatu nitaendelea kumrefusha, maana wanamtaka. Yule bosi wa Ulaya nitaendelea kumkataa. Lakini kinywa chako sitakitumia tena. Mtu akiniuliza dada yako alisema nini, nitamwambia: alisema sufuria lifuate wagonjwa, akaendelea kupeta ulezi. Sitaongeza hata nusu mita.

Kesho Alhamisi. Ulezi nimeshaupeta, uko kwenye ungo wako hapa pembeni yangu. Pumzika, Dada. Umefanya kazi ya watu wengi.

Kuhusu mguu wa benchi siahidi kitu.

Mdogo wako, ambaye sasa hata kwenye kitabu cha akina mama ameandikwa

Mjomba